Nilivyoupatia Mji Wetu Mwanzilishi

Naomba mniache nimalize kwanza ndipo mcheke, maana najua mtacheka, na wengine wenu mlikuwepo siku hiyo na mlishacheka tayari, tena mbele ya mgeni rasmi, tena kwa kujishika mbavu. Mimi ni Mwalimu Deo, nafundisha somo la historia (ndiyo, historia, endeleeni tu), na mimi ndiye niliyeuaibisha mji mzima wa Rwamashonga siku ulipotimiza miaka mia moja. Hadi leo nikipita sokoni kuna mama mmoja muuza dagaa ananisalimia kwa kulia kama ng'ombe. Namjibu, "Salama, mama." Nifanyeje?

Rwamashonga, kwa msioijua, ni mji mdogo wa Muleba, upo barabarani ukitoka Bukoba: maduka pande mbili, soko, mashine ya kukoboa kahawa, kanisa la Wakatoliki upande huu, la Walutheri upande ule, na baa katikati ili kusiwe na ubaguzi. Ukipiga chafya ndani ya gari, ukifumbua macho umeshaupita. Lakini sisi wenyewe tunauita mji, na mwaka huo Ta Byabato, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akagundua kwamba mji huo una miaka mia. Aligunduaje? Aliambiwa na mtu aliyesoma karatasi fulani ya zamani. Karatasi yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, na wala haikutusumbua, maana sisi Wahaya tukishaambiwa kitu kimeandikwa mahali, tumeridhika.

Basi ikaundwa kamati, Ta Byabato akawa mwenyekiti (nani mwingine?), na ratiba ikapangwa ya siku nzima: kwaya, ngoma, mpira dhidi ya timu ya kutoka Bukoba, mashindano ya kina mama kumenya ndizi, kuvuta kamba, na mwisho mgeni rasmi kuzindua jiwe la kumbukumbu pale njia panda. Kila kitu kikawa kimepata mtu wake. Ta Byabato akavua miwani, akasema, "Kilichobaki ni historia yenyewe. Jiwe litaandikwa jina la nani? Nani alianza hapa?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ndiye nshomile wetu, msomi wa mji," akasema. "Tuandikie kijitabu, kurasa tatu nne, nani alianzisha mji na alikujaje. Wiki mbili zinakutosha?"

"Wiki moja inanitosha," nikajibu. Sifa, ndugu zangu. Sifa ni ugonjwa, na mimi nilizaliwa nao.

Katibu wa kamati, mama mmoja mtaratibu sana, akaniambia tukitoka, "Mwalimu, nenda kwa Ma Kokushubira kule mlimani. Ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki. Miguu imechoka lakini akili anayo, na mdomo anao." Nikamwambia hilo nilishalipanga. (Sikuwa nimelipanga.)

Na hapa ndipo penyewe, sikilizeni vizuri, maana mengine yote yalitokana na hapa. Jumamosi nikatoka nyumbani na daftari langu, nimevaa viatu vipya vya ngozi laini, nikafika chini ya ule mlima, na kwa Ma Kokushubira ni mwendo wa dakika arobaini kwa mguu, bodaboda hazipandi, na manyunyu yakaanza. Manyunyu tu, jamani, si mvua ya kumzuia mtu mzima. Nikatazama juu. Nikatazama viatu. Nikatazama upande wa pili wa barabara, ambako kuna jamaa anauza supu na ana televisheni, na mechi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nikajiambia nitakuja wiki ijayo. Nikavuka barabara.

Wiki ijayo haikufika. Ilipofika siku ya kukabidhi kijitabu nilikuwa na ukurasa mmoja wenye kichwa cha habari, nimeupigia mstari kwa rangi nyekundu, chini yake weupe mtupu. Nikakaa mezani najikuna kichwa, ndipo likanijia jina. Marehemu bibi yangu, mzaa baba, nilipokuwa mdogo alikuwa na msemo wake. Tukifanya fujo anasema, "Ninyi mngeishi enzi za Rutinwa! Rutinwa akipita pale njia panda, hakuna aliyebaki barabarani." Kwa Kihaya, Rutinwa ni yule anayeogopwa. Nikaruka kwenye kiti. Mtu wa kuogopwa, enzi za zamani, pale pale njia panda: nani huyo kama si mwanzilishi?

Nikaandika hadi mkono ukauma. Shujaa Rutinwa alifika kwa miguu akitokea pande za Bukoba, mkuki mkononi, gunia la kahawa begani, akasimama njia panda, akatazama kushoto na kulia, akatamka maneno mawili: "Hapa ndipo." (Mkuki niliutoa wapi? Gunia je? Msiniulize, kalamu ilikuwa na moto wake.) Nikajenga naye nyumba ya kwanza ya bati, nikaanzisha naye soko, nikamfanya asuluhishe ugomvi wa koo mbili ambazo sikuzitaja majina kwa sababu za kiusalama.

Kamati ilisomewa kijitabu, Ta Byabato akatoa leso akafuta macho. "Miaka yote hii," akasema, "tulikuwa na mtu kama huyu na hatukujua." Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema jambo. Nikasema asanteni.

Fulana zikachapishwa, kifuani zimeandikwa HAPA NDIPO. Kisha ikatakiwa picha ya Rutinwa kwa ajili ya bango kubwa, nikatumwa Bukoba kwa mchoraji wa mabango. Mchoraji akaniuliza, "Nipe sura." Nikamwambia achore mzee wa heshima. "Mzee wa heshima ana sura gani?" Akasubiri, brashi mkononi. Mimi nilikuwa nataka kuwahi gari la kurudi, nikamwambia, "Basi niangalie mimi, halafu uniongezee ndevu."

Bango lilipofunguliwa nyumbani kwetu, mke wangu Stella alilitazama muda mrefu, akanitazama na mimi.

"Ta Kemi," akaniita kwa jina la mwanetu, "huyu ni wewe."

"Ni Rutinwa."

"Basi Rutinwa naye aliwahi kuanguka na baiskeli, maana ana kovu lako la kwenye nyusi." Akarudi jikoni. Kutoka huko nikamsikia, "Mimi siku hiyo nitakaa nyuma kabisa, nisikae na mtu anayenijua."

Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu kutoka Bilele, pale Bukoba mjini. Sauti nzito ya mzee aliyestaafu ofisi kubwa. Akajitambulisha kuwa naye anaitwa Rutinwa, ameona kijitabu kwenye simu ya mwanawe, na amefurahi mno kwamba hatimaye babu yake amekumbukwa. Mtu wa kawaida hapo angesema ukweli. Mimi nikasema, "Mzee, nilikuwa nawatafuta sana!" Akanipa na nyongeza: babu alikuwa mrefu kupita kiasi na katika maisha yake hakupenda maziwa. Nikaingiza kwenye toleo la pili. Chanzo: familia.

Siku ikafika. Na niseme haki, ilikuwa siku nzuri. Jua lilitoka mapema, barabara imefagiliwa, maturubai yamepangwa uwanjani kando ya njia panda, harufu ya ndizi na nyama imejaa kila mahali. Kwaya ya Wakatoliki iliimba, kwaya ya Walutheri ikaimba nyimbo ndefu zaidi, ya Wakatoliki ikaomba kurudia. Kuvuta kamba hakukupangwa kiimani, lakini kwa namna isiyoeleweka wote wa kanisa moja wakajikuta upande mmoja, kamba ikakatika, na kila upande ukatangaza ushindi. Timu ya Bukoba ilitufunga mabao matano, tukasema refa ni wa kwao. Kwa kifupi, mji ulikuwa na furaha.

Ukoo wa Rutinwa wa Bilele ulifika kwa magari mawili, wanaume wamevaa suti, wanawake wamevaa vitenge vya sare, na mzee wao akiwa na fimbo yenye kichwa cha fedha. Wakaketishwa meza kuu, ambako ilibidi wajumbe watatu wa kamati wainuliwe. Mzee akanikumbatia mbele ya watu, akaninong'oneza kwamba baada ya sherehe angependa tuzungumze kuhusu kiwanja cha soko, kwa kuwa, kwa mujibu wa kijitabu changu, kilikuwa cha babu. Shati likanilowa mgongoni.

Mama yangu mzazi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa ameshona kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Kila aliyepita anamwambia, "Huyu mwandishi ni mwanangu." Hili sitalisimulia kwa mzaha.

Mgeni rasmi alihutubia, akasoma kurasa zangu mbili kwa sauti, watu wakapiga makofi kwenye "Hapa ndipo." Kisha akasogea kwenye jiwe lililofunikwa kitambaa cheupe, akashika kamba. Ndipo mshereheshaji, ambaye Mungu anamjua, akakumbuka kwamba kwenye ratiba kuna kumpa zawadi ya blanketi mkazi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Ma Kokushubira. Wajukuu zake walikuwa wamemteremsha mlimani alfajiri kwa machela, wakabadilishana zamu (dakika arobaini, na mtu mabegani, na hakuna aliyelalamikia viatu). Akaletwa mbele kwenye kiti, mwembamba kama ufito, akajifunika blanketi lake pale pale, akapewa kipaza sauti aseme neno moja la shukrani.

Hakushukuru. Alikuwa anatazama bango.

"Yule ni nani?" akauliza. "Mbona ni Deo ana ndevu?"

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Mshereheshaji akainama, akamwita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu Ma, yule ni Rutinwa. Mwanzilishi wa mji wetu."

"Nani?"

"Rutinwa, Ma. Aliyekuwa akipita hapa njia panda, watu wote wanamwogopa."

Bibi akakunja uso. Nikaona anatafuta kichwani. Halafu uso wote ukafunguka kama mtu aliyekumbuka rafiki wa utotoni. "Rutinwa! Namjua Rutinwa! Nilimfahamu nikiwa hivi!" Akaonyesha kimo kwa mkono. Mzee wa Bilele akasimama kwa furaha, akaweka fimbo kando, akaanza kupiga makofi, na kwa sekunde tatu nzima mimi niliamini kwamba Mungu ni wa Wanahistoria.

"Alikuwa dume la mjomba wangu," akasema Ma Kokushubira. "Dume la ng'ombe. Jekundu, pembe hizi! Alikuwa anakata kamba, anakuja mpaka hapa njia panda, watu wanakimbilia migombani. Alimwangusha katekista mara mbili."

Turubai likapumua kwa upepo. Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka, na uwanja mzima ukamfuata.

Mzee wa Bilele alikuwa bado amesimama, mikono imebaki hewani. "Bibi, unamwita babu yangu ng'ombe?"

"Sijamwita babu yako ng'ombe, mwanangu," akajibu Ma kwa upole kabisa, kipaza sauti kiko karibu na mdomo. "Nimesema ng'ombe wetu aliitwa Rutinwa. Sasa kama ndiye babu yako, pole sana."

Watu walilala chini. Naapa, kuna mpiga ngoma alilala juu ya ngoma. Na wakati huo huo mtu mwenye kijitabu mkononi akasoma kwa sauti, "Alikuwa mrefu kupita kiasi na hakupenda maziwa," na hapo hata mgeni rasmi akageuza uso akajifanya anakohoa.

Ta Byabato hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa saruji iliyoganda. "Mwalimu," akasema, "njoo utufafanulie."

Nilitembea hadi mbele. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Na badala ya kupiga magoti nikakohoa kisomi, nikasema, "Ndugu wananchi, katika taaluma ya historia yawezekana kabisa kuwepo kwa akina Rutinwa wawili." Nilisema hivyo. Mbele ya sura yangu mwenyewe yenye ndevu.

Ma Kokushubira akageuza kiti kidogo. "Deo. Nani alikwambia habari za huyo wa pili?"

"Ni... utafiti, Ma."

"Ulikuja kwangu lini kuuliza?"

"Sikufika, Ma."

"Uliumwa?"

"Hapana, Ma."

"Basi kwa nini?"

Ningeweza kudanganya tena, na nawaambieni uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini nikamwona mama yangu. Alikuwa amevuta kitenge kipya akajifunika uso mpaka puani, na jirani yake ameacha kuzungumza naye. Nikasema, "Kulikuwa na manyunyu."

Kipaza sauti kilifanya kazi vizuri kuliko muda wote wa siku hiyo. Manyunyu. Hata waliokuwa kwenye masufuria ya nyama walisikia.

Bibi hakucheka, na wala hakunigombeza, afadhali angenigomba. Akasema tu, taratibu, kama anajisemea, "Hapa alianza mama yangu. Kokwijuka. Aliachwa na mume, akaja kukaa hapa njia panda anachoma ndizi, anawauzia waliokuwa wanabeba kahawa kwa kichwa kwenda Bukoba. Wakawa wanapumzika kwake. Mmoja akajenga kibanda cha chumvi, mwingine akaleta cherehani. Ndiyo hivyo tu. Hakuwa na mkuki." Akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti. "Asanteni kwa blanketi."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mgeni rasmi alikuwa bado ameshika kamba ya kitambaa, jasho linamtoka, akauliza kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Ndugu mwenyekiti, nivute au nisivute?"

Ta Byabato, ambaye kichwa kilikuwa kimeshahama, akajibu, "Vuta tu, mheshimiwa, kitambaa chenyewe ni cha kuazima."

Akavuta. Na hivyo ndivyo Rwamashonga, mji wa wasomi, ulivyozindua rasmi jiwe la marumaru kwa heshima ya ng'ombe, huku kwaya ikiimba, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Ukoo wa Bilele uliondoka bila kuaga, ingawa pilau walibeba. Mkuu wangu wa shule aliniita Jumatatu, akaniuliza kwa upole kama ningependa kufundisha jiografia. Stella hakunisemesha hata neno kwa siku mbili, na mliooa mnajua hiyo ni adhabu ya kiwango gani. Mama yangu nilimfuata nyumbani jioni ile ile, nikamwomba msamaha, akaniambia, "Mimi sikuaibika kwa ng'ombe. Niliaibika kwamba mwanangu alishindwa kwenda kumwamkia mzee."

Jumamosi iliyofuata nikapanda mlima, asubuhi, nikiwa na maandazi na daftari jipya. Ma Kokushubira alinipokea kama vile hakuna kilichotokea, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akanipa kisu na mkungu mzima wa ndizi. "Menya," akasema, "mdomo wangu hauanzi bila mikono ya mtu kufanya kazi." Nikamenya, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, naye akasimulia saa nne mfululizo: mama yake, walivyomcheka kwamba mwanamke hawezi kukaa peke yake barabarani, makaa yake yalivyokuwa hayazimiki, mtu wa cherehani alivyomposa mara tatu akamkatalia mara tatu. Mambo ambayo mimi nisingeweza kuyatunga hata ningepewa kalamu yenye moto mara mia. Nilikuwa nafuta mikono, naandika, namenya, naandika.

Jua lilipoanza kushuka akaniambia nimsomee. Nikasoma yote. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.

"Umeruka sehemu," akasema.

"Ipi, Ma?"

"Ile ya sherehe. Mwalimu aliyeogopa manyunyu. Hiyo nayo ni historia ya mji, si ndiyo? Au historia ni ya wengine tu?"

Nikasema, "Ma, hiyo haina umuhimu."

"Andika," akasema. "Mimi nitangoja."

Na akangoja kweli, mikono imekunjwa juu ya blanketi lake jipya, hadi nilipoandika jina langu lote kwa herufi kubwa, na manyunyu, na viatu, na supu. Kijitabu hicho sasa kimechapishwa upya, kinasomwa shuleni, mimi nipo ukurasa wa tisa, na wanafunzi wangu wanatakiwa kuujua kwa ajili ya mtihani. Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Stella: kuanzia siku ile, nisichokijua nitasema sikijui. Ingawa kwa sasa, nikisema sijui, wanafunzi wananiambia niende nikamenye ndizi.